Kuvunjwa na Kurejeshwa kwa Azeroth

Miongoni mwa milki zilizopata kukaliwa na mamilioni ya watu katika karne hii ya 21, ipo moja isiyo na udongo wala mto, isiyo na mpaka katika ramani ya mataifa, ambayo ardhi yake yote imo ndani ya mitambo ya kampuni moja ya Marekani; nayo ni Azeroth, dunia ya kubuni ya mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft. Historia ya nchi hii ina vita na tauni, ina uhamaji na kubomolewa kwa miji, ina arzihali ya raia kwa mtawala wao, na mwishowe ina kurejeshwa kwa yale yaliyobomolewa. Kiini cha mambo hayo yote ni jambo ambalo kwa wafanyao biashara ya michezo ni la kawaida kabisa, yaani nyongeza: sehemu mpya inayouzwa baada ya mchezo wenyewe, ili kuongeza bara, viumbe, silaha na visa juu ya vile vilivyokwisha kuwapo. Juzuu ya pili ya kitabu haiifuti juzuu ya kwanza, na anayetaka kuirudia ya kwanza huikuta rafuni kama alivyoiacha. Lakini dunia inayochezwa na watu wengi pamoja kwa njia ya intaneti huwa na nakala moja tu iliyo hai, na nakala hiyo iko mikononi mwa mwenye mali.

Kampuni yenyewe iliasisiwa mwaka 1991 huko California na vijana watatu, Allen Adham, Michael Morhaime na Frank Pearce, kwa jina la Silicon & Synapse, ikabadili jina kuwa Blizzard Entertainment mwaka 1994, na katika mwaka huohuo ikatoa mchezo wake wa kwanza wa Warcraft, uliosimulia vita baina ya wanadamu na majitu ya kijani yaitwayo orki. Miaka michache baadaye, Ultima Online wa mwaka 1997 na EverQuest wa mwaka 1999 ikathibitisha kwamba wako watu walio tayari kulipa ada kila mwezi ili waishi katika dunia ya kubuni pamoja na maelfu ya wenzao. Tena EverQuest, kwa nyongeza yake ya kwanza ya mwaka 2000, Ruins of Kunark, ikaweka kanuni iliyofuatwa na wengi, kwamba bara jipya huwekwa kando ya bara la zamani, wenye nguvu wakahamia ng'ambo kutafuta ngawira, na miji ya zamani ikabaki kuwa ya wanagenzi. Blizzard iliingia katika biashara hiyo tarehe 23 Novemba 2004, ilipoifungulia Azeroth milango katika Amerika Kaskazini, na Ulaya ikafuata Februari 2005.

Aliyeingia Azeroth katika zama hizo alilipa ununuzi wa mchezo kwanza, kisha akalipa, ikiwa yuko Marekani, dola 14.99 kila mwezi, akachagua upande wa kuufia: ama Alliance, muungano wa wanadamu, mbilikimo wa milimani, nomu na elvu wa usiku, ama Horde, kundi la orki, troli, tauren wenye vichwa vya ng'ombe, na wafu waliofufuka. Alianza katika daraja la 1, akiwa na silaha duni na nguo za matambara, na mbele yake palikuwa na madaraja ya kupanda hadi la 60, na mabara mawili ya kuyavuka, aghalabu kwa miguu, kwa maana mnyama wa kupanda hakuruhusiwa kumpata mpaka afike daraja la 40, na hata akifika huenda asiwe na dhahabu ya kumnunulia. Safari zilikuwa ndefu, vifo vilikuwa vingi, na yapo mapango ambayo mtu hakuweza kuyaingia bila kwanza kutafuta wenzi wanne kwa kupiga mbiu mjini.

Katika nyika iitwayo Barrens, ambayo wengi wa upande wa Horde walilazimika kuivuka kwa siku nyingi, alikuwapo katika kijiji cha Crossroads orki mmoja aitwaye Mankrik, ambaye alimwomba kila mpita njia amtafutie mkewe waliyepotezana naye vitani. Mchezo haukuonyesha alama yoyote ya mahali alipo. Na maiti ya mwanamke huyo ilikuwa imelala kusini, kando ya kibanda kilichoungua, mahali ambapo mtu angeweza kupita mara kumi asimwone. Ikawa kila saa ya mchana na usiku, katika uwanja wa mazungumzo wa nyika ile, mgeni huuliza mke wa Mankrik yuko wapi, na wenyeji humjibu kwa maelekezo, kwa dhihaka au kwa uongo wa makusudi. Swali hilo likawa mashuhuri kuliko vita vyote vilivyotungwa na waandishi wa kampuni, kwa kuwa lilizaliwa kutokana na upungufu wa mchezo, na kila aliyelipitia alijiona kuwa mwenyeji wa mahali.

Mambo makubwa ya miaka ile yalikuwa na sifa hiyohiyo ya kutokea pasipo kupangwa. Mnamo Septemba 2005, katika hekalu la Zul'Gurub, liliwekwa zimwi liitwalo Hakkar, ambalo laana yake ilipita kutoka kwa mpiganaji mmoja hadi kwa aliye karibu naye. Watungaji walikusudia laana hiyo ibaki hekaluni, lakini wanyama wanaofuatana na wawindaji wakaitoa nje, ikaingia mijini, ikaua wanyonge kwa wingi hata barabara za miji mikuu zikajaa mifupa, na kampuni ikalazimika kuizima mitambo na kuiwasha upya ili kuikomesha. Mwaka 2007 wataalamu wa magonjwa ya mlipuko, Eric Lofgren na Nina Fefferman, walichapisha katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases makala juu ya tauni hiyo ya kubuni, wakieleza jinsi ambavyo watu halisi waliikimbia, waliitibu, au kwa ufisadi wa nafsi waliieneza kwa makusudi. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2006 watu wa kila seva walikusanya kwa pamoja malundo ya vitambaa, nyama na madini, hesabu ya kutosha jeshi zima, ili malango ya Ahn'Qiraj yafunguliwe. Na ilipofika saa ya kufunguliwa, umati ulikuwa mkubwa hata mitambo mingi ikazidiwa.

Nyongeza ya kwanza, The Burning Crusade, ilitoka tarehe 16 Januari 2007, na ndani ya saa 24 ziliuzwa nakala zipatazo milioni 2.4. Ilileta sayari iliyovunjikavunjika iitwayo Outland, madaraja hadi 70, wanyama wa kuruka angani, na kabila jipya kwa kila upande. Haikubomoa jengo hata moja la Azeroth. Lakini athari yake kwa nchi ya kale haikuwa ndogo. Vikosi vya watu 40, ambavyo vilikuwa vimetumia miezi katika pango la Molten Core kumpiga Ragnaros, jemadari wa moto, ili kujipatia silaha na deraya za fahari, viligundua kwamba nguo ya kawaida iliyookotwa katika nyika za mwanzo za Outland ilitosha kuzishinda zile. Na kwa kuwa misafara mipya ya vita iliwekewa watu 25 au 10 tu, vyama vingi vilivyozoea kuwa na watu 40 vikalazimika kuchagua nani aende na nani abaki. Miji ya kale ilisimama kama ilivyokuwa, ila mashamba, mapango na ngome nyingi zikawa mahame, zikipitwa mbio na wageni waliotaka kuwahi huko ng'ambo waliko wenzao.

Nyongeza ya pili, Wrath of the Lich King, iliyotoka tarehe 13 Novemba 2008 na kuuza nakala zaidi ya milioni 2.8 katika siku yake ya kwanza, iliwapeleka watu katika bara la barafu la Northrend kumaliza kisa cha Arthas, mwana wa mfalme aliyegeuka kuwa mfalme wa wafu. Hapo ndipo milki ilipofika kileleni, kwani mnamo Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba wanaolipa ada wamefika milioni 12. Dola chache za michezo zimepata kuwa na raia wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Na ni dola iliyokuwa katika jaha hiyo, wala si iliyokuwa ikififia, iliyoamua kuivunja nchi yake kwa mikono yake.

Sababu zake hazikuwa za kijinga. Mabara ya mwaka 2004 yalijengwa kwa ajili ya watu watembeao chini, na nyuma ya milima mingi hapakuwa na kitu, kwa hiyo wanyama wa kuruka, ambao watu walikwisha kuwazoea Outland na Northrend, hawakuweza kuruhusiwa humo bila utupu huo kudhihirika. Visa vya zamani vilitawanyika ovyo, vikimtuma mtu kutoka pwani moja hadi nyingine kwa thawabu haba. Tena mwanzoni mwa mwaka 2010 Morhaime alieleza kwamba kati ya watu wanaoujaribu mchezo bure, wapatao asilimia 30 tu ndio wanaovuka daraja la 10. Maana yake ni kwamba mlango wa nyumba ulikuwa umechakaa ilhali vyumba vya ndani vinang'aa, na mgeni aligeuka akaondoka kabla ya kuviona. Kwa sababu za namna hiyo, hata kabla ya kauli hiyo, katika mkutano wa BlizzCon wa Agosti 2009, mjini Anaheim, kampuni ilikwisha kutangaza nyongeza ya tatu, Cataclysm, ambayo haitaongeza bara jingine kubwa kando ya yale ya kale, bali itayaumba upya yale ya kale yenyewe. Na udhuru wa kisa ukapatikana kwa Deathwing, joka jeusi ambaye atapasua tabaka za ardhi, aibuke, na kuiunguza dunia.

Zilizala hiyo ilishuka tarehe 23 Novemba 2010, siku Azeroth ilipotimiza miaka 6, wiki mbili kabla ya nyongeza yenyewe kuuzwa madukani tarehe 7 Desemba. Na haikuwangoja walioinunua, kwa kuwa mabadiliko ya ardhi yaliingizwa katika mitambo ya wote, aliyetaka na asiyetaka. Waliofungua mchezo baada ya matengenezo ya siku hiyo walikuta nyika ya Barrens imepasuliwa pande mbili na ufa wa moto. Bandari ya Auberdine, mahali ambapo vijana wa elvu wa usiku walipandia merikebu yao ya kwanza ya kwenda ng'ambo, ilikuwa magofu. Katika mji wa Stormwind, mtaa mzima wa bustani ulikuwa umetoweka, na mahali pake pamebaki shimo lenye kufuka moshi. Bwawa la Loch Modan lilikuwa limebomoka na ziwa lake limekauka. Na bonde la Thousand Needles, lililokuwa jangwa la minara ya mawe, lenye uwanja mweupe wa chumvi ambapo goblini na nomu walishindana kwa magari, lilikuwa limeingiwa na bahari, hata goblini na nomu hao wakahamisha mashindano na ulevi wao juu ya jahazi kubwa lililoelea palepale palipokuwa na uwanja wao.

Mwandishi wa historia akitaka kuwa mwadilifu hana budi kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa na uhodari mkubwa. Visa vipya vilikuwa na mtiririko, mzaha na huzuni kuliko vile vya kale. Watu waliweza sasa kuiona nchi yao kutoka angani. Na soko liliitika, kwa maana nakala zaidi ya milioni 3.3 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza, zikapita zile za nyongeza mbili zilizotangulia. Lakini kufikia Machi 2011 waliolipa ada walikuwa wamepungua hadi milioni 11.4, na mwishoni mwa Septemba ya mwaka huo wakawa milioni 10.3. Sababu zilitajwa nyingi, na ukali wa mapango mapya ni mojawapo. Wala si haki kuubandika upungufu wote juu ya kubomolewa kwa nchi ya kale. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limedhihirika kwa wote: mtu aliyeishi miaka 6 katika Azeroth, akaoa au kuolewa na mtu aliyekutana naye huko, akazika huko ujana wake, hakuwa na hati hata ya shubiri moja ya ardhi ile, na palipobadilishwa hapakuwa na njia ya kurudi kutazama palivyokuwa.

Tangu hapo likaanza dai la kurudishiwa mchezo wa kale kama ulivyokuwa kabla ya nyongeza zote. Katika BlizzCon ya mwaka 2013, mchezaji mmoja alipouliza kama kampuni itafungua seva za namna hiyo, J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa mchezo, alikataa, akaongeza kwamba watu wanadhani wanalitaka jambo hilo ilhali hawalitaki. Jibu hilo liliwachoma wengi moyoni, wakalikariri kwa miaka. Wakati huohuo wako watu ambao, bila idhini ya mwenye mali, walikuwa wakiunda seva zao wenyewe kwa kuigiza tabia za mchezo wa kale kutoka kumbukumbu, picha na video. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa Nostalrius, iliyoanzishwa Februari 2015, ambayo haikutoza ada, na ambayo kwa muda mfupi iliandikisha akaunti zipatazo laki 8, na kati ya hizo laki 1 na nusu zikiwa hai. Mawakili wa Blizzard waliwaandikia waendeshaji wake na kampuni ya Ufaransa iliyowakodishia mitambo, na tarehe 10 Aprili 2016 seva hiyo ikafungwa mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wamejikusanya humo kuagana.

Kisheria shauri lilikuwa limekwisha, maana mali ni ya mwenyewe. Lakini kufungwa huko ndiko kulikolipa dai lile nguvu liliyokuwa limeikosa. Arzihali iliyoandikwa na wachezaji ikapata saini zaidi ya laki 2 na nusu, na Mark Kern, aliyewahi kuwa kiongozi wa kundi lililoujenga mchezo wenyewe, akaichapisha katika karatasi na kumpelekea Morhaime kwa mkono. Mnamo Juni 2016 waendeshaji wa Nostalrius, ambao kwa haki ya sheria wangaliweza kushtakiwa, waliitwa makao makuu ya kampuni huko Irvine, wakaketi na wakuu wake na kuwaeleza waliyoyajua juu ya kuendesha dunia ya kale kwa watu wa sasa. Na tarehe 3 Novemba 2017, katika jukwaa la BlizzCon, Brack yuleyule aliyekataa miaka minne nyuma ndiye aliyesimama kutangaza kwamba Azeroth ya kale itarudi, kwa jina la World of Warcraft Classic.

Wahenga wamesema maji yakimwagika hayazoleki, na wahandisi wa Blizzard wakapewa kazi ya kuyazoa. Katika hazina zao walipata data za toleo la 1.12 la mwaka 2006, la mwisho la zama zile. Wakaweza kuliamsha toleo hilo, wakaona linatembea, lakini pamoja na maradhi yake yote ya usalama na kukatika ambayo miaka mingi ya matengenezo ilikwisha kuyatibu. Wakaamua kuzichukua data za kale, yaani ardhi, viumbe, silaha na hesabu zake, na kuzitia ndani ya programu ya kisasa iliyofunzwa kuzielewa. Walipowaingiza watu wa majaribio mwaka 2019, malalamiko mengi yakaja kwamba mambo fulani yana kasoro, nao wakalazimika kutoa orodha ya mambo yasiyo kasoro: kwamba tauren, kwa ukubwa wa maumbile yake, humfikia adui kutoka mbali kidogo kuliko wengine, na ndivyo ilivyokuwa; kwamba afya ya mpiganaji hurudi kwa kasi ileile ya zamani, na ndivyo ilivyokuwa. Watu waliodai nchi yao kwa nguvu ya kumbukumbu walisahihishwa na daftari la mwenye mali, na wakashukuru kusahihishwa.

Milango ilifunguliwa Agosti 2019, tarehe 26 kwa Marekani na 27 kwa Ulaya. Umati ulikuwa mkubwa hata watu walingoja saa nyingi kuingia, na waliofanikiwa kuingia wakakuta viumbe wa kuuawa hawatoshi. Basi katika mabonde ya wanagenzi wakajipanga foleni kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akingoja zamu yake ya kumpiga zimwi moja lililotakiwa na kisa, pasipo sheria yoyote ya mchezo kuwaamuru. Hata hivyo ujinga wa mwaka 2004 haukurejesheka. Ragnaros, ambaye katika zama za kwanza alisimama takriban miezi mitano bila kushindwa, safari hii aliangushwa kabla wiki moja haijatimia, na kikosi ambacho baadhi ya watu wake hawakuwa wamefika hata daraja la 60. Ilikuwa hivyo kwa sababu kila siri yake ilikwisha kuandikwa na kusomwa kwa miaka 15, na aliyeuliza mke wa Mankrik yuko wapi aliuliza akijua.

Lakini nchi ikisharejeshwa, wakati nao huanza upya mwendo wake. Mwaka 2021 The Burning Crusade ilirudi, na hapo kampuni ikafanya jambo ambalo haikulifanya mwaka 2007: ilimwuliza kila mtu kama anataka kwenda Outland au anataka kubaki katika seva ambazo hazitabadilika, na kwa anayetaka yote mawili ikamwuzia nakala ya pili ya mhusika wake, kwa bei ya dola 35 ambayo kelele za wanunuzi ziliishusha mara moja hadi 15. Northrend ikafuata Septemba 2022. Na tarehe 20 Mei 2024, Cataclysm ikatolewa tena. Deathwing akaruka juu ya nchi ileile iliyokuwa imedaiwa kwa saini za mamia ya maelfu, akaipasua Barrens na kuizamisha Thousand Needles kwa mara ya pili. Hapakuwa na arzihali kama ile safari hii. Waliotaka kuiona gharika waliifuata, na wasioitaka walibaki katika seva za zama za kwanza, ambako bandari ya Auberdine ingali inapokea merikebu.

Kutokana na hayo inaonekana kwamba ugomvi wa miaka ile haukuwa baina ya wapenda kale na wapenda usasa, kama ulivyosimuliwa mara nyingi, kwa kuwa watu walewale waliolilia nchi ya kale ndio walionunua nyongeza kwa mamilioni. Uchungu wao ulikuwa kwamba hawakuulizwa. Mwenye mali alikuwa na haki ya kujenga na ya kubomoa, na haki hiyo angali nayo kamili mpaka leo. Ila amejifunza, kwa gharama ya wateja na ya fedheha, kwamba kuhifadhi nakala ya zamani hakumpunguzii mauzo ya mpya, bali humwongezea. Raia wa Azeroth hawakupata hati ya ardhi, wala hakuna sheria inayoizuia kampuni kuzifunga seva hizo kesho. Walichopata ni mazoea, yaani kuulizwa kabla ya kuhamishwa. Na mazoea hayo, ambayo hayakuandikwa mahali popote, ndiyo yanayozilinda nyumba zao kwa sasa.